Wa Kumsemea Bibi Mwanaidi

Mwanaheri alikuwa na ulimi mwepesi, na tangu miguu ya mama yake ilipokataa kazi, ulimi huo ulisema kwa niaba ya watu wawili. Mgeni akipiga hodi pale kwao Bigwa na kumwamkia bibi kizee aliyekaa kwenye jamvi kibarazani, jibu lilitoka jikoni kabla mgeni hajamaliza. "Marahaba, hajambo, ila mgongo tu, na jana hakula vizuri!" Bibi Mwanaidi mwenyewe alimtazama mgeni, akatazama mlango wa jiko, kisha akarudisha macho yake kwenye migomba na kuvuta ugoro wake. Basi watu wakazoea kwamba bibi yule hasemi tena. Wengine walisema ni uzee. Wengine, wasio na haya, walisema akili imemruka.

Jambo hilo halikumsumbua mtu mpaka lilipokuja suala la shamba.

Lilikuwa shamba la kutamanika, tusifichane. Lilianzia uani na kuteremka mpaka kijitoni, migomba na magimbi, na mpunga kidogo kule chini penye maji. Bibi Mwanaidi alilipata kwa mama yake, naye mama yake kwa mama yake, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa kike. Mtoto wa kiume hula humo, lakini watoto wake wana ukoo wa mama yao na shamba lao liko huko. Mwanaheri alikuwa akililima tangu alipofiwa na mumewe, na binti zake walikulia humo.

Sasa reli ilikuwa imefika Morogoro, na nyuma ya reli wakaja Wazungu wa kutaka mashamba. Mmoja alipapenda pale chini ya mlima, apande mpira. Akida, mtu wa serikali ya Wajerumani, akapitisha mbiu: kila mwenye shamba afike bomani siku ya Jumatatu, aseme lake ni lipi na mpaka wake uko wapi. Asiyefika, shamba lake litahesabiwa kuwa pori. Mgonjwa amtume mtu mmoja wa kumsemea, na neno la mtu huyo ndilo litakaloandikwa.

Mtu mmoja! Hapo ndipo pakawaka moto.

Stambuli, mtoto wa kwanza, alipanda kutoka Mwembesongo, kule mjini alikokuwa akiuza chumvi na vitambaa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na tarbushi nyekundu. Benedikto, kitindamimba, aliyebatizwa na kuwa mwalimu wa misioni, alikuja na viatu vyake vya ngozi, vile ambavyo alivivua kila alipovuka kijito na kuvivaa tena ng'ambo. Wakakaa kibarazani, mama yao katikati, wakaanza kuzungumza juu ya kichwa chake.

"Mimi ndiye mkubwa," alisema Stambuli. "Bomani wananijua. Akida hawezi kumsikiliza mwanamke mwenye tope miguuni."

"Na litaandikwa jina la nani?" aliuliza Mwanaheri.

"La anayesimama mbele yao. Ndivyo serikali inavyotaka."

"Na siku ukiondoka duniani, kaka?"

"Wanangu si wajukuu wa mama?"

Ni wajukuu, ndiyo, lakini ukoo wao ulikuwa wa mama yao, watu wa Dakawa. Mwanaheri aliona mara moja shamba la bibi zake likienda kwa watu ambao hata mashimo ya migomba ile hawakuyachimba. Aliogopa. Aliogopa kwa ajili ya binti zake, na aliogopa kwa ajili yake mwenyewe, maana hakuwa na pengine pa kwenda.

Benedikto alikohoa kidogo, kama alivyozoea kufanya mbele ya wanafunzi. "Mimi naona tuliweke chini ya ulinzi wa misioni. Mapadre watalitunza, sisi tutalima. Nitakwenda mimi, najua maneno mawili matatu ya Kijerumani."

"Mama hataki misioni!" Mwanaheri aliruka. "Mama hataki Mwembesongo! Mama anataka niende mimi!"

"Kasema lini?" aliuliza Stambuli.

"Najua mimi anachotaka."

"Dada, tuseme ukweli. Mama akili haipo. Mtu asiye na akili hachagui."

Stambuli aliyasema hayo mkono wake ukiwa umeegemea goti la mama yake. Bibi Mwanaidi alivuta ugoro, akapiga chafya.

Walibishana hivyo hivyo mpaka siku mbili tatu zikapita na majirani wakawa wanajua maneno ya kila mmoja kwa moyo. Jumapili, Jumatatu ikiwa inabisha hodi, wote watatu wakiwa wamenuniana pale kibarazani, walisikia kilio kutoka njia ya mlimani.

"Uwiii! Mwanaidi katutoka! Mdomo mkubwa umefungwa!"

Alikuwa Mzee Rehani, mtani wa ukoo wao, mtu wa kule juu Kinole. Amejipaka majivu usoni, jembe begani. Mtani ndiye anayezika na anayechekesha matangani. Anamtukana marehemu mbele ya wafiwa, anachukua kitu cha mtu akitaka, na ni mwiko kumkasirikia. Lakini huja palipo na msiba, na hapa hapakuwa na msiba.

"Mzee Rehani, shikamoo," alisema Mwanaheri huku amepigwa na bumbuwazi. "Nani kafa?"

"Mama yenu! Habari imefika mpaka mlimani kwamba mnagawana mali yake. Mimi nikasema, watoto wa Mwanaidi wana adabu, hawawezi kugawana mali ya mtu aliye hai. Nikachukua jembe." Alimnyang'anya Stambuli tarbushi, akaivaa juu ya majivu yake. "Hii ni ada ya mchimba kaburi. Wewe mwalimu, vua viatu, utashika jembe!"

Stambuli alifura, lakini atafanya nini? Benedikto akainama kufungua kamba za viatu.

Mzee Rehani akang'oa unyasi, akapiga magoti mbele ya Bibi Mwanaidi na kuanza kumpima, kutoka kichwani mpaka miguuni, kwa makini kabisa.

"Mfupi huyu. Kaburi la mbuzi litamtosha. Ila kwa huu mdomo aliokuwa nao, itabidi shimo la pili."

"Mama anasema uache!" Mwanaheri alipiga kelele.

"Maiti anasema? Tangu lini?"

Hapo Bibi Mwanaidi akaweka kikopo chake cha ugoro pembeni, akajifuta pua kwa ncha ya kaniki.

"Rehani, mwizi wa kuku wewe," alisema. Sauti ilikuwa na kutu, lakini kila neno lilisikika. "Pima sawasawa. Baba yako ulimpima hivyo hivyo, akazikwa magoti yamekunjwa kama anachuma kunde."

Mzee Rehani akaangusha unyasi na kucheka mpaka majivu yakaingia machoni.

"Mama!" Mwanaheri alimshika mikono, machozi yanamtoka. "Mama, kumbe unasema! Mbona ulinyamaza muda wote huu?"

"Niseme saa ngapi? Nikifungua mdomo, wewe umeshajibu. Nikiwa na kiu, unasema mama ana njaa, unaniletea ugali. Mwaka mzima nakula ugali na kiu yangu." Aliwageukia wanawe. "Huyu anataka kunisemea kwa akida, huyu anisemee kwa mapadre, na huyu ananisemea kwa dunia nzima. Nikaona basi, niwaachie maneno, nibaki na ugoro wangu."

Mwanaheri aliona aibu kuliko ndugu zake wote wawili. Wao walitaka kuichukua sauti ya mama siku ya Jumatatu. Yeye alikuwa ameichukua siku nyingi, tena kwa mapenzi. Aliinama, akakosa la kusema, na kwa Mwanaheri hilo lilikuwa jambo geni.

"Msiba umeahirishwa," alitangaza Mzee Rehani. Viatu vya Benedikto alivijaribu, akavirudisha akisema vinambana. Tarbushi akapanda nayo Kinole.

Jumatatu waliteremka mjini. Stambuli na Benedikto walibeba machela yenye mama yao, wa mbele akilalamika kwamba wa nyuma anasukuma, wa nyuma akilalamika kwamba wa mbele anakokota miguu. Bomani watu walikuwa wengi. Zamu yao ilipofika, karani aliinua kalamu.

"Nani anamsemea bibi huyu?"

Bibi Mwanaidi alikuwa anatafuta kikopo chake cha ugoro. Alikitafuta taratibu, kama mtu ambaye hana haraka na serikali yoyote. Akida akaanza kutikisa mguu. Ulimi wa Mwanaheri ulimwasha. Mipaka yote alikuwa nayo kichwani, angeimaliza kwa pumzi moja. Aliuma ncha ya mtandio wake, akashikilia hapo hapo.

"Najisemea," alisema Bibi Mwanaidi hatimaye. Akataja kijito, akataja mkuyu, akataja kaburi la mama yake. "Shamba ni la ukoo wetu. Analilima binti yangu huyu, na baada yake ni binti zake. Wanangu wa kiume watakula ndizi, wakija kunisalimu."

Watu wakacheka. Akida akamtazama Stambuli, kichwa wazi bila tarbushi. "Ndivyo?"

Stambuli alimtazama mama yake. Mkono wake ulikuwa bado umeshika mti wa machela. "Mama kasema," alijibu.

Karani akaandika.

Kesho yake asubuhi jirani yao alipita, akapaza sauti kuelekea jikoni kama kawaida. "Mwanaheri! Mama kaamkaje?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, mgongo na usingizi na kila kitu. Mwanaheri akalimeza.

"Yupo hapo kibarazani," alisema. "Muulize mwenyewe."

Mwanaheri alisimama na mwiko mkononi, akisikiliza.

"Nimeamka salama," alisema Bibi Mwanaidi. "Ila nina kiu."

Mwanaheri aliuacha ugali motoni, akakimbilia mtungi.