Salamu Iliyofungua Mshipa

Daktari alikuwa ameeleza vizuri kabisa. Mshipa wa mguu wa fundi cherehani, ule uliokuwa umeziba hata akawa anasimama kila hatua hamsini kama mkaguzi wa barabara, ulikuwa umezibuliwa kwa mrija mwembamba uliopitishwa kinenani. Sasa alitakiwa alale chali kwa muda wa saa sita, mguu umenyooka.

"Una dawa za kuzuia damu isigande," nesi alimkumbusha. "Ukijikunja, kile kitobo cha mrija kitafunguka, na damu haiombi ruhusa. Tumeelewana, Fundi?"

"Tumeelewana, sista. Mimi na gogo ni ndugu."

Alitii saa mbili nzima, jambo ambalo mkewe angelipa kiingilio kuliona. Kisha mlango wa wodi ukafunguka, akaingia mama mkwe.

Katika miaka ishirini ya ndoa, fundi hakuwahi kuketi mbele ya mama huyu kabla ya kukaribishwa, sembuse kulala. Akili ikasema: tulia. Adabu ikasema: utaonekanaje? Adabu ikashinda. Akajiinua kwa viwiko, akakunja goti.

"Shikamoo, mama."

"Maraha..." Mama mkwe akaishia hapo. Shuka jeupe lilikuwa likiota ua jekundu, na ua lenyewe lilikuwa na haraka. "Lala chini wewe! Nesi! Nesi jamani!"

Nesi alikuwa mwisho wa wodi, amemshikilia mgonjwa aliyekuwa akiteremka kitandani. "Bonyeza, mama! Juu kidogo ya plasta, kwa nguvu!"

"Wapi?"

"Kinenani!"

Wodi nzima ikageuza shingo. Mama mkwe alikuwa mwoka mikate. Mikono yake ilikuwa imekanda unga miaka arobaini. Akatazama dari, akakandamiza kwa uzito wote aliojaliwa. Fundi naye akatazama dari. Haijawahi dari kutazamwa kwa heshima kiasi kile.

"Mama, naomba radhi..."

"Nyamaza. Ukifa kwa ajili ya shikamoo, binti yangu nitamwambia nini?"

"Sijafa, mama."

"Basi usinichekeshe, mkono utateleza."

Nesi akaja mbio, akapokea zamu. Dakika ishirini baadaye damu ikakata, naye akatangaza kwamba saa sita zinaanza upya.

Mama mkwe akavuta kiti. "Kichwa chini. Mguu sawa. Hata nikiingia na ukoo mzima, usinyanyuke."

Fundi akatii. Akalala chali mbele ya mama mkwe, mdomo wazi, akakoroma bila chembe ya aibu.