Nani Hayumo Darasani

"Hajazaliwa wa kuniibia kituo," Brylee Stanek aliwaambia wenzake huku akijifunga kinga za miguu. "Na hajazaliwa mwalimu wa kuniangusha. Niulizeni chochote."

Itzel Barrientos, mdakaji mwenzake katika timu ya softiboli ya Vipanga, alikuwa akitafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kwenye kikombe. "Saba mara nane."

"Chochote cha maana, nimesema."

Benchi zima likacheka. Brylee akawazidi wote kwa kicheko, maana kicheko ni shuka pana, hufunika mengi.

Nusu ya kwanza ya majigambo ilikufa hata maji ya chupani hayajapata moto. Mkimbiaji wa kwanza wa wapinzani alichomoka kukiiba kituo cha pili kabla mpira haujapigwa, Brylee akainuka alipochuchumaa nyuma ya mpigaji, akarusha, na mpira ukapita juu ya kila mtu ukaenda kulala majanini. Binti yule akafika kituoni anatembea, kama anayekwenda dukani.

Nusu ya pili ilikuwa imekufa tangu Mei. Brylee alianguka aljebra, na kiangazi chote alikuwa akirudia somo hilo katika mji wa jirani, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Mama yake aliiambia timu kwamba asubuhi binti huenda kukandwa bega. Akifaulu marudio, alama mpya ingeifuta ya zamani kabla chuo chochote hakijaomba matokeo. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo kwa muda mfupi tu, na kwa Brylee hiyo ilikuwa kazi kuliko aljebra yenyewe.

Maana siku hiyo, nyuma ya wavu, kwenye kiti cha kukunja, alikaa Kocha Stroud mwenye kofia ya kijani. Chuo chake kilitafuta mdakaji mmoja. Tena kila mzazi pale uwanjani alijua tabia za chuo hicho: hela ya mpira ni kiduchu, na karo yenyewe hupunguzwa kwa mwenye alama nzuri. Uwe na mkono kama mzinga, kama darasani ni bure, hawana namna ya kukuchukua. Vipanga walikuwa na wadakaji wawili. Brylee na Itzel walikuwa wamegawana hema, barafu na mafuta ya jua tangu wakiwa wadogo, lakini tangu kofia ile ya kijani ionekane hawakugawana hata salamu.

Mwamuzi akainama nyuma ya mgongo wa Brylee, akashusha kinga ya uso.

"Kumbe hiki ndicho kilichokufanya usinzie Ijumaa," akasema polepole.

Brylee akageuza shingo. Kwenye mashindano kama haya walimu wengi hufanya kazi ya uamuzi wikendi, lakini wako wangapi, mpaka aangukiwe na Mwalimu Haldane wa aljebra? Kinga ya kifua ilikuwa imemfanya mnene maradufu, ila sauti ilikuwa ile ile iliyomuuliza kila asubuhi x imeenda wapi.

"Mwalimu, tafadhali. Hapa hatujuani."

"Hapa mimi mwamuzi. Hata mke wangu simjui."

Sasa, wadakaji wana hila yao. Mpira ukipita nje ya kituo cha nyumbani, unaudaka halafu unauvuta ndani taratibu, kama vile ulikuwa pale tangu mwanzo, ili mwamuzi auhesabu kuwa mzuri. Brylee alikuwa malkia wa hila hiyo.

"Nje," akasema Mwalimu Haldane.

"Huo ulikuwa ndani."

"Ulipita nje. Ndani umeuleta wewe."

"Unanionea."

"Hata darasani husema hivyo hivyo."

Mrushaji akarusha tena, Brylee akavuta tena, na mwamuzi akasema "nje" tena, kwa sauti ya mtu anayefuta ubao. Nyuma ya wavu Kocha Stroud akainamisha kichwa kidogo. Hasira zikampanda Brylee. Ipo na hila nyingine ya wadakaji, chafu, ambayo hakuna kocha anayeifundisha na kila mtoto anaijua. Mpira uliofuata ulipokuja kasi, glavu yake ikachelewa kidogo tu, makusudi. Ukampita ukampiga Mwalimu Haldane kwenye paja, pasipo na kinga.

Mwalimu akatembea hatua chache akichechemea, akarudi, akainama.

"Pole," akasema Brylee.

"Pole ya mdomoni naijua," akajibu. "Cheza."

Katikati ya mchezo kocha wao akambadilisha, akaingia Itzel. Brylee akakaa benchi akimwombea mwenzake mabaya yote anayoyajua. Hayakuja. Mkimbiaji yule yule alijaribu kuiba tena, na mkono wa Itzel ukaupeleka mpira kituoni, ukamngoja huko. Kofia ya kijani ikaacha kutafuna bigijii.

Sheria yao ni kwamba kocha wa chuo haongei na mchezaji mpaka timu imalize mechi yake ya mwisho. Ilipoisha, Kocha Stroud akamkuta Brylee kando ya wavu, binti akiwa ameipa mgongo sehemu ya kuegesha magari. Brylee hakuwa na wasiwasi. Waamuzi huondoka mbio baada ya mechi kabla wazazi hawajawafikia kwa matusi, kila mtu anajua hilo.

"Masomo vipi?" akauliza Kocha Stroud.

"Safi kabisa, Kocha. Hesabu ndiyo raha yangu."

"Na mwenzako Barrientos? Ana mkono mzuri yule."

Hapo Brylee akashusha pumzi kama shangazi msibani. "Itzel ni kama ndugu yangu, ndiyo maana inaniuma. Kiangazi hiki yuko darasa la marudio. Aljebra. Kule mji wa pili, kwa Mwalimu Haldane. Tafadhali usimwambie nimesema, anaona haya sana."

Uongo ule ulimtoka laini, maana kila kitu ndani yake kilikuwa kweli, isipokuwa jina la mwanafunzi.

"Mmenitaja?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Brylee akageuka. Mwalimu Haldane alikuwa amekaa kwenye buti ya gari lake lililofunguliwa, suruali imekunjwa, mfuko wa barafu juu ya paja, na chini ya barafu pameiva zambarau. Hakuweza kukanyaga pedali mpaka uvimbe upungue.

Kocha Stroud akasogea wavuni. "Wewe ndiye Mwalimu Haldane? Eti ni kweli, yule Barrientos ni mwanafunzi wako?"

"Sheria hainiruhusu kusema nani yumo darasani kwangu."

Brylee akapata pumzi.

Mwalimu akahamisha barafu, akakunja uso kwa maumivu. "Ila nani hayumo, sijaona sheria inayonikataza. Barrientos nimemwona leo kwa mara ya kwanza."

Kocha Stroud akavua kofia, akamtazama Brylee kwa utulivu.

"Haya binti," akasema. "Hilo darasa, na mwalimu wake, wewe umevijuaje?"