Mwenye Kiti Kasimama

Fundi saa alikuwa na kiti kimoja tu cha maana, cha mbao chenye mito ya kijani, alichokinunua kabla hata hajaoa. Mchana kutwa aliinama kibandani kwake, lenzi jichoni, akichokonoa saa za watu. Jioni alichotaka ni kukaa kwenye kiti hicho, gitaa mapajani, basi. Kisha mama mkwe wake akaja kukaa wiki mbili. Alikuwa amefiwa na mumewe hivi karibuni, mama wa maneno machache na miguu iliyovimba, na binti yake akamketisha pale penye nafuu. Wiki mbili zikazaa mwaka, mwaka ukazaa mwenzake, na fundi akahamia kwenye kigoda cha jikoni.

Mkwe ni mkwe, humwambii inuka. Fundi aliyameza, na yalipomkaba kooni akayatia kwenye wimbo. Jumamosi moja bendi yao ya watu watano ikaupiga ukumbini:

*Mwenye kiti kasimama, mgeni kakaa yeye,*
*wiki mbili alisema, mwaka wa nne ni huu.*

Mkewe alipouliza ni nani huyo mgeni, fundi alijibu haraka kwamba ni mambo ya bosi wa mpiga ngoma.

Wimbo ukapendwa kupita kiasi. Wauza mitumba waliuimba, wanafunzi waliuimba, na siku moja uwanja mzima wa mpira ukauimba waziri alipokuwa akiketi jukwaani. Sasa, mkuu wa nchi alipotwaa madaraka alikuwa ameahidi kukaa kwa muda mfupi tu, aweke mambo sawa, aondoke. Na huo ulikuwa mwaka wake wa nne. Fundi hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Gazeti likaandika kwamba muziki wa vijana umegeuka sumu na kwamba magitaa yanafanya kazi ya maadui. Fundi alikuwa na miaka hamsini na miwili, na aliposoma neno "vijana" alifurahi kidogo kabla hajaanza kuogopa.

Barua ya kamati ya kukagua nyimbo ilimkuta kibandani. Alipofika ofisini kwao aliwakuta watu watano mezani, na mbele yao wimbo wake uliopigwa chapa. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu mwenye miwani iliyoshukia puani, akamtaka aeleze ni Mwenyekiti yupi huyo aliyesimama.

"Ni maneno mawili, mheshimiwa," fundi alisema. "Mwenye, halafu kiti."

Karatasi ikazungushwa meza nzima, ikachunguzwa. Haya, na mgeni je, ni nani? Fundi akalimeza jina la mkwe wake. Kulisema pale ni kulisema mjini, na kabla jua halijazama lingekuwa limeshafika nyumbani kwake. Alisema kiti ni kiti tu. Wakaliandika jibu hilo, na mmoja wao akalipigia mstari. Akapewa hadi Alhamisi: alete ushahidi, la sivyo vyombo vitachukuliwa, bendi itavunjwa, na yeye ataenda kujieleza mahali pengine.

Jioni hiyo alimweleza mkewe jikoni, kwa sauti ya chini. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, akaweka mwiko chini.

"Bosi wa mpiga ngoma," alisema, na hakusema naye tena. Mama yake kuimbwa angeweza kulisamehe. Kudanganywa ndiko kulikomchoma. Nyuma ya pazia, sebuleni, mama mkwe alikuwa macho, na masikio yake hayakuwa na tatizo lolote.

Alhamisi kamati ilikuwa ndiyo kwanza imeketi, fundi amesimama mikono mitupu, mlango ukafunguliwa. Wachukuzi wawili waliingia na kiti chenye mito ya kijani. Nyuma yao alikuja mama mkwe, polepole, ameegemea mkono wa binti yake. Akaelekeza kiti kiwekwe mbele ya meza, akakaa, akatengeneza nguo zake.

"Mgeni ndiye mimi," alisema. "Kiti ndicho hiki. Ila mwaka wangu wa nne unaanza mwezi ujao. Hapo mkwe wangu amenizidishia."

Mjumbe mmoja akauliza watajuaje kwamba hakutumwa. Mama mkwe akaeleza kwamba wimbo huo ulitungwa yeye akiwa palepale, mkwe akidhani amelala, na kwamba kuna ubeti ulioachwa. Akaukariri, uso mkavu:

*Miguu yake magogo, mlango haufungiki.*

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Katibu ndiye aliyecheka kwanza, amejificha nyuma ya faili, kisha meza yote ikafuata. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta.

"Sasa mama, kama ulijua, mbona hukurudi kwako?"

Mama mkwe akapapasa mkono wa kiti.

"Kwangu kumekuwa kimya tangu mzee aondoke. Pale mtu anapiga gitaa kila jioni, na kiti hiki ndicho kinachosikia vizuri."

Fundi akainamisha kichwa. Miaka yote hiyo alikuwa akipiga taratibu ili asimwamshe.

Walimwachia, na bendi ikabaki na vyombo vyake. Redioni wimbo ulizuiwa vilevile. Mwenyekiti, alipokuwa akitia sahihi, alijiuliza kwa sauti kama wale maelfu wa uwanjani nao kila mmoja ana mama mkwe nyumbani. Swali lenyewe hakuliandika.

Nje wachukuzi walipandisha kiti kwenye mkokoteni. Fundi akamwinua mama mkwe kwa mikono yake mwenyewe, akamketisha juu yake, akashika mipini kusukuma.

"Samahani, mama," alisema.

"Sukuma tu, mwanangu. Na uimbe."

"Umepigwa marufuku, mama."

"Redioni," alisema mama mkwe.

Mkewe, aliyekuwa hajamsemesha tangu jioni ile ya jikoni, alijitahidi kujizuia, akashindwa. Alicheka hadi akaushika mkokoteni asianguke, kisha ndiye aliyeanza kuimba.