Ua la Manjano Katika Droo ya Kumi na Moja

Saa nne na robo asubuhi karani wa ofisi ya misitu alisogeza kikombe chake cha chai, akafuta meza kwa kiganja, akapokea kikapu cha maua ya manjano kutoka kwa askari wa msitu. Mwenye kikapu, mkunga mmoja mwenye goti bovu tangu utotoni, hakupewa kiti.

"Nimemkamata ndani ya uzio," askari alisema. "Ofisi ithibitishe kama ndilo lile linalolindwa."

"Binti yangu kajifungua juzi, maziwa hayatoki," mkunga alisema. "Ni ya kuchemsha tu."

Karani hakuwa mtu mbaya. Msituni kuna maua mawili yanayofanana kama mapacha, na moja halina kesi. Alifungua droo ya kumi na moja, akatoa karatasi iliyobandikwa ua kwa gundi miaka arobaini na miwili iliyopita. Kwenye nafasi ya mgunduzi liliandikwa jina la Mtaalamu mmoja wa mimea, na ua lenyewe lilipewa jina la ukoo wake. Mwanamke aliyemfikisha chini ya miti, akamwonyesha ua na kumweleza kazi zake, aliandikwa "mwenyeji". Mwaka uliofuata uzio ukawekwa, ili ua lilindwe dhidi ya watu waliokuwa wakililinda.

Siku ile Mtaalamu alikuwa anawahi gari, akalikandamiza ua kabla mwanamke hajamaliza kueleza. Sauti ya mwanamke ikabaki humo karatasini. Kila mara karatasi ilipotolewa, sauti iliendelea, na ofisi ilishaizoea. Mpiga chapa alikuwa ametibu jino kwa maelekezo yake.

"Geuza jani," sauti ilisema. "Likiwa na manyoya kwa chini, tupa, hilo linatapisha. Likiwa laini..."

"...vunja kikonyo, utaona utomvu mweupe," mkunga alimalizia. Maneno hayo aliyajua tangu anabebwa mgongoni na mwenye sauti hiyo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Goti je?"

"Linalia kama mlango. Na mjukuu wako kajifungua, maziwa hayatoki."

Karani alichukua jani moja kikapuni, akaligeuza, akakohoa. "Mbona hili naliona lina manyoya?" alisema, akimkazia macho mkunga.

Mkunga alielewa, akafungua mdomo aitikie. Sauti ilimtangulia.

"Manyoya gani? Lisogeze hapa. Nani huyo anataka kumnywesha mzazi sumu? Hilo laini, ndilo lenyewe!"

Wakati wake uzio haukuwapo.

"Ofisi imesikia," askari alisema.

Karani akaandika: ndilo, kwa ushahidi wa sauti. Mkunga asikanyage tena msituni maisha yake yote.

"Kama sauti yake ni ushahidi," mkunga alisema, "futa hapo 'mwenyeji', uandike jina lake."

"Hapo panahitaji saini, mama. Marehemu hasaini."

Mkunga alisindikizwa hadi getini mikono mitupu. Askari aliporudi alivua kofia, akainamia karatasi.

"Shikamoo, mama. Mke wangu naye kajifungua. Nichemshe kiasi gani?"

"Kiganja kimoja, asubuhi na jioni, siku tatu," sauti ilimjibu bila kinyongo. "Yatakayobaki mpelekee mjukuu wangu."

"Hayo ni kielelezo cha kesi, mama," askari alisema, akakitia kikapu kwapani.

Karani alirudisha karatasi mahali pake. Sauti ilikuwa imeanza kueleza matumizi ya mizizi alipoifunga droo.