Mkanda wa Tumbo la Farasi

Arlette alikuwa fundi viatu katika soko la Kasongo, na tangu siku ya kwanza hakumwamini mzee aliyemfundisha kutengeneza matandiko ya farasi.

Alikuwa na sababu. Huko nyuma alikaa miaka miwili kwa fundi mmoja aliyemwonyesha kushona soli na kuweka viraka, lakini kila ilipofika siku ya kukata ngozi ya kiatu kipya, fundi yule alimtuma kwenda kutafuta uzi. Aliondoka pale bila kujua kukata hata ndara. Alijiapiza kwamba hakuna mtu atakayemchezea vile tena.

Ndipo Djuma, mfanyabiashara wa mchele wa mji wa Wamaza, alipoleta farasi wawili kutoka nyanda za juu za Marungu. Njia za kwenda mashambani zilikuwa zimeharibiwa na mvua, pikipiki zikizama tope mpaka kwenye injini, naye aliona farasi wangeweza kubeba magunia mahali gurudumu lisipofika. Watu walitoka mbali kuja kuwatazama. Wengi walisema mbung'o watawamaliza kabla ya mavuno.

Vifaa vya farasi hao alivitengeneza Mzee Lukumani. Alizaliwa Kasongo, katika familia ya Waislamu wa siku nyingi, akaenda Marungu akiwa kijana kuchunga ng'ombe wa mzungu mmoja, akakaa huko miaka thelathini akishona matandiko. Sasa alikuwa amerudi na mke wake Fatuma na sanduku la visu na misharasi ya kutobolea ngozi. Djuma alimwomba amfundishe mtu, maana mzee hatadumu milele, na Arlette akajitokeza.

Kazi yenyewe ilinuka. Waliloweka ngozi za ng'ombe kutoka kwa wachinjaji katika maji ya majivu kwa siku nne, wakakwangua manyoya kwa kisu butu, kisha wakaziwamba kwenye fremu za miti kivulini. Ngozi mbichi ikikauka hivyo inakuwa ngumu kama ubao, na kwayo walifunika mbao za tandiko. Ngozi nyingine waliziloweka wiki nyingi katika maji ya maganda ya miti mpaka zikawa laini na nyekundu. Arlette alijifunza haraka. Lukumani hakusifu wala kugomba.

Lakini siku ya kukata ugwe, kamba nyembamba ya ngozi ya kushonea, ilipofika, mzee alitazama pembeni na kusema, "Mama Arlette, enda utuchotee maji. Mutungi iko mutupu."

Arlette alichungulia ndani ya mtungi. Ulikuwa umejaa nusu.

Alikwenda. Aliporudi, duara la ngozi lilikuwa limeshageuzwa ugwe mmoja mrefu, wenye upana uleule toka mwanzo hadi mwisho. Fatuma alikuwa amekaa mlangoni kama mlinzi, mikono mapajani. Juma lililofuata ikawa vilevile, na lililofuata tena. Arlette alijisemea moyoni: ni yuleyule fundi wa kwanza, amebadili sura tu.

Tangu hapo kila neno la mzee alilipima. Walipofika kwenye mkanda wa tumbo, ule unaopita chini ya farasi na kulishika tandiko lisiteleze, Lukumani alimkataza ngozi mbichi.

"Hapa utumie ile nyekundu."

"Juu ya nini, Baba?" Arlette alitaka kujua sababu. "Ile mbichi njo ina nguvu kuliko."

"Ngozi mbichi haipendane na maji," alijibu, akaendelea na kazi yake.

Jibu hilo halikumtosha. Yeye mwenyewe alikuwa ametundika jiwe kwenye ukanda wa kila aina, na ule wa ngozi mbichi ndio uliovumilia. Tena alijua kwamba chumbani kwa mzee kulikuwa na ngozi mbichi nzuri ya fahali, nene, haina hata tundu. Kwa nini aifiche kama si kuiweka kwa kazi yake mwenyewe, ili ya mwanafunzi ionekane dhaifu?

Lukumani na Fatuma walikwenda Kabambare kwenye msiba, wakamwachia Arlette tandiko moja alimalize. Siku ya pili aliingia chumbani, akakata pande refu pembeni mwa ngozi ya fahali, akalilainisha kwa maji na kusuka mkanda wa nyuzi nne. Aliupaka maji ya maganda mpaka ukawa mwekundu kama ulivyotakiwa. Pitchou, kijana aliyewaongoza farasi wa Djuma, alilichukua tandiko kabla mzee hajarudi.

Siku kumi na moja baadaye Djuma alifika mwenyewe. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga lile tandiko, limevunjika ubao mmoja. Alilitupa uani.

"Wakati wa kuvuka kijito, mkanda ulilegea," alisema. "Tandiko likageuka chini ya tumbo, farasi akashituka, akaangukia mawe. Goti limepasuka. Pitchou ameumia mkono. Mchele wote ulikwenda na maji. Nani alishona kitu hiki?"

Lukumani aliuokota mkanda, akaunusa, akaukwangua kwa ukucha. Chini ya wekundu ngozi ilikuwa nyeupe. Alimtazama Arlette kidogo tu.

"Imetoka kwangu," alisema.

"Basi ulinifanyia kusudi. Vikiharibika, utapata kazi ya kutengeneza vingine."

"Imetoka kwangu," mzee alirudia. "Mengine siyasemi."

Djuma aliondoka akiapa kwamba atatafuta fundi Kalemie. Arlette alikuwa amesimama kando ya fremu. Alingoja mzee amgeukie. Mzee aliingia ndani.

Njiani kwenda nyumbani hakupata nafuu. Kwa nini hakunitaja? Aliona jibu moja tu: mzee ameliweka jambo hili kama kamba ya kumfungia. Atamfanyisha kazi bure, na siku akikataa, atamtaja kwa Djuma.

Asubuhi alirudi, akauliza kabla hata ya kusalimia. "Baba Lukumani, unataka nini kwangu?"

Fatuma ndiye aliyejibu. "Umuonyeshe, baba. Umeficha ya kutosha."

Mzee alishika kisu. Mkono wake wa kuume ulianza kutetemeka, kwanza vidole, kisha kiganja kizima, mpaka ncha ikagonga ubao tik tik tik. Fatuma alimtoa kile kisu mkononi, akakichomeka wima kwenye gogo dogo, akaivuta ngozi taratibu kupita kwenye makali. Ugwe ulitoka mwembamba, sawasawa, ukijikunja miguuni pake.

"Miaka miwili sasa, mimi njo ninakata," alisema. "Yeye hakutaka mutu ajue."

"Djuma akijua, atasema fundi amekwisha," Lukumani alisema, macho chini. "Na akijua ni weye ulisuka ule mkanda, hatakupa kazi tena. Hapo mikono gani itabaki?"

Arlette alikaa chini. "Na ngozi mbichi na maji?"

"Ikilowa inanyooka. Ikikauka inajikaza. Mugongoni mwa farasi, juu ya mbao, haina neno. Chini ya tumbo, mutoni, inamuua. Ningekuambia yote. Lakini kila nikisema, ulikuwa unanitazama kama mwizi, nami nikachoka."

Arlette alijua kwamba ilikuwa kweli.

Siku iyo hiyo alipanda pikipiki mpaka Wamaza. Alimkuta Djuma akimpaka farasi dawa ya majani gotini, akamweleza kila kitu kuhusu mkanda. Kuhusu mkono wa mzee hakusema. Djuma alimsikiliza bila kuinua kichwa.

"Lukumani amekutuma ujibebeshe kosa lake," alisema mwishowe.

"Hapana. Hajui hata niko hapa."

"Nitajuaje?"

"Hutajua," alisema Arlette. "Nitashona mwingine, nije nao mwenyewe."

Mkanda huo ulimchukua juma zima. Fatuma alimfundisha kukata, gogo katikati yao, huku Lukumani akisahihisha kwa mdomo. Arlette aliporudi Wamaza na mkanda mwekundu, Djuma hakuuamini kwa macho. Aliutumbukiza katika pipa la maji, akauacha humo toka asubuhi hadi adhuhuri. Kisha wakamfunga tandiko na mkanda huo yule farasi asiyeumia, wakampakia magunia mawili ya mchanga, wakaenda kijitoni. Pitchou, mkono ukiwa bado na bandeji, alikataa kushika kamba.

"Ashike yeye," alisema.

Arlette aliingia majini mpaka kiunoni. Farasi alisita, akanusa maji, akamfuata. Katikati ya mkondo aliinama na kupitisha kiganja chini ya tumbo. Mkanda ulikuwa pale pale alipoukaza.

Ng'amboni Djuma alikagua kila fundo, akavuta, akavuta tena. "Leta wa pili," alisema. "Na ule nao nitauloweka."

"Uloweke," alisema Arlette, akaanza kukamua nguo yake.