Matofali Mabichi

Siku ya ishirini na sita Mama Tofali alivuka barabara na ndoo kichwani mara kumi na nne kabla jua halijapanda sawasawa, na bado safu mbili za mwisho za matofali hazikuwa zimepata maji. Shingo ilikuwa imekakamaa. Ngozi ya viganja ilishachubuka zamani, pale mkono wa chuma wa mashine unapokaa, na maji yakiingia kwenye michubuko alikuwa anauma meno. Alifunua turubai, akamwagilia, akafunika, akarudi bombani. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa upande wa pili wa kiwanja akifanya kazi hiyo hiyo huku akilalamika, maana yule mikono na mdomo havijawahi kupeana zamu.

"Mwanangu wa kwanza sikumwogesha hivi," wifi alisema. "Na yeye angalau alikuwa analia, najua yuko hai."

"Mwagilia, wifi. Zimebaki siku mbili."

Jina la Mama Tofali alipewa na mtaa, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alikuwa akichoma matofali pale kiwanjani, na nusu ya nyumba za jirani zilipita mikononi mwake. Kisha ikaja sheria. Jengo lolote la fedha ya umma, iwe shule, zahanati au ofisi, sharti liwe jengo la kijani. Mwanzoni watu walidhani ni habari ya rangi, na fundi rangi mmoja akakimbilia dukani kujaza madebe. Baadaye halmashauri ikafafanua: paa livune maji ya mvua, madirisha yatazamane upepo upite, na kuta zisijengwe kwa matofali yaliyochomwa kwa kuni. Wachomaji wenzake walitukana kutwa nzima. Yeye hakutukana. Kilima cha nyuma ya mtaa kilikuwa kimebaki upara, na mumewe alikuwa ndani, ameegemea ukuta, akikohoa moshi wa miaka yote ile. Sheria ile aliipenda kutoka moyoni, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Basi akabomoa tanuru lake mwenyewe, kwa sururu, watu wakimtazama na kuulizana kama yu mzima. Halmashauri ikampeleka mafunzo wiki tatu, ikamwazima mashine ya kufyatulia. Unachanganya udongo na saruji kidogo, unashindilia kwa mkono wa chuma, tofali linatoka limebanana. Hulitii motoni. Unalimwagilia siku ishirini na nane mpaka liwe gumu kama jiwe. Karatasi ya mashine ilikuwa na sharti moja tu: matofali yake yasipotumika katika jengo la umma ndani ya mwaka, mashine inarudi stoo, yakitumika, mashine ni yake. Mwaka ulikuwa umebakiza miezi minne. Hatua mia tatu kutoka kwake palikuwa panachimbwa msingi wa wodi mpya ya wazazi, na mkandarasi alishamwambia kwa kinywa chake mwenyewe, lete cheti cha vipimo, nichukue yote elfu sita. Tanuru hakuwa nalo tena. Mashine nayo ikienda, angebaki na viganja vyake vilivyochubuka, na mgonjwa ndani.

Siku ya ishirini na nane ilipotimia hakungoja hata kupoa jasho. Alifunga matofali matatu kwenye gunia, akayapeleka ofisini. Karani wa vipimo alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni na mazoea ya kutoinua macho. Aliuliza jina, akauliza kiwanja kilipo, akauliza idadi. Akafika mstari wa nne wa fomu.

"Hali ya matofali. Mabichi au yamekomaa?"

Hapa ndipo alipoteleza, na mchomaji yeyote angeteleza papo hapo. Kwenye kazi yao tofali ni la namna mbili: bichi, yaani halijaona moto, na lililoiva, yaani limetoka tanuruni. Miaka kumi na tisa hakusikia neno la tatu. Na sheria si ilitaka yasiyoona moto? Akajibu kwa fahari, kifua mbele.

"Mabichi, baba. Mabichi kabisa. Hata njiti ya kiberiti haijayagusa."

Karani akaandika: mabichi kabisa. Akamwonyesha pa kutia sahihi, naye akatia, tena kwa mwandiko mzuri.

Wiki ya kwanza alikwenda mara mbili kuulizia. Ya pili alikuwa kiguu na njia; akikaa anasimama, akisimama anatoka, akitoka anasahau alichotokea. Njoo kesho, njoo keshokutwa, mhandisi wa halmashauri yuko kikaoni. Nyumbani alikuwa anafagia mahali palipofagiwa. Siku ya kumi na mbili aliingia ofisini akakuta mlango umewekewa tofali lake moja usijifunge, na mengine mawili yako chini ya benchi, bado kwenye gunia, fundo lile lile alilolifunga.

Karani alimweleza bila ukali wowote. Hayakupimwa. Kanuni inasema matofali mabichi hayapimwi, yanangojewa yakomae, na mwenye mali ndiye aliyesema ni mabichi. Mama Tofali akaeleza maana ya neno. Akaeleza tena, polepole, kuanzia udongo mpaka moto. Karani alielewa, ilionekana usoni kwamba ameelewa. Lakini fomu ilishapanda kwa mhandisi, na fomu iliyopanda haishuki mpaka ishushwe na aliyeko juu. Fomu nyingine? Mwombaji mmoja, fomu moja, kwa mwaka wa fedha.

"Sasa neno moja tu, baba. Likatwe, liandikwe jingine."

"Mama, ningekuwa na uwezo wa kukata maneno ningekuwa nimekaa kwenye kiti hiki?"

Wiki iliyofuata malori yakaanza kushusha matofali mekundu kwenye kiwanja cha wodi. Mekundu, ya moto, mengine bado yana masizi. Alitoka mbio na kitambaa kimefungwa upande mmoja wa kichwa, akamkuta mkandarasi anahesabu trip. Mkandarasi hakuwa na haja ya kugombana. Alitoa barua, akampa asome mwenyewe. Kwa kuwa mfyatuaji amekiri kwa maandishi kwamba matofali yake ni mabichi kabisa, na kwa kuwa akina mama wajawazito hawawezi kusubiri, mkandarasi anaruhusiwa kwa dharura kutumia matofali ya kuchoma. Sahihi ya mhandisi. Na nyuma, nakala ya fomu, na sahihi yake yeye, ule mwandiko mzuri.

Matofali yenyewe yalitoka kwenye tanuru jipya nyuma ya kilima. La nani? La shemeji wa mhandisi, na mtaa mzima ulijua kwamba shemeji huyo hajawahi kushika udongo tangu azaliwe. Lisemwalo lipo, na hili halikuhitaji hata kusemwa. Lilikuwa linapita barabarani na malori.

Kesho yake Mama Tofali alifanya jambo ambalo wifi yake analisimulia mpaka leo. Alibeba ndoo ya maji kichwani na tofali mkononi mpaka ofisi ya mhandisi, akalitumbukiza tofali kwenye ndoo, akaketi kwenye benchi la wageni. Watu waliingia wakatoka, wakaruka ndoo, wakauliza, wakachoka kuuliza. Hakunyanyuka. Saa za kazi zilipokwisha mhandisi alitoka na mkoba wake, akasimama.

"Mama, hii ndoo ya nini?"

"Tofali bichi ukilitia majini linayeyuka, mheshimiwa. Linarudi tope. Hili limekaa humo tangu asubuhi. Liguse."

Mhandisi alitazama ndani ya ndoo. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka chini. Hakuligusa.

"Mimi sikatai," alisema. "Lakini ndoo yako haina mhuri."

"Nipimie basi kwa chenye mhuri."

"Ungesema yamekomaa ningepima. Nani kasema mabichi, mimi? Nilikuwepo? Mtu akikiri mwenyewe, serikali imbishie?" Akaangalia saa. "Tena ukitoka umwage hayo maji nje, watu wasiteleze."

Alimwaga nje. Njiani alikuwa analitamka lile neno peke yake, bichi, bichi, analigeuza, analitafutia neno mwenzake ambalo angelisema siku ile. Hasira yake haikumwendea mhandisi wala shemeji. Ilimrudia mwenyewe, kwenye ulimi wake, na alipofika nyumbani mumewe alimwona anajifinya mdomo kwa vidole. Mume akamwambia, kati ya kikohozi na kikohozi, kwamba lugha waliyoongea ni ya tangu babu zao, asijitese. Hakusikia. Usiku hakulala, asubuhi hakunywa chai, na siku zile zote ukimtuma dukani anarudi mikono mitupu.

Wodi ikapanda. Ikafika linta, juu ya madirisha, ikaezekwa, mapipa ya kuvuna mvua yakawekwa, na kweli madirisha yalitazamana. Kisha wakapiga plasta nje na ndani, na wekundu wote ukafichika. Siku tisa kabla mwaka wa mashine haujaisha, mkandarasi mwenyewe akaja kiwanjani kwake kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, anatabasamu.

Alikuwa na shida ndogo. Wakaguzi wanakuja kutoka makao makuu kulipatia jengo kibao cha kijani, na mwongozo wao unataka pale mlangoni ukuta uachwe wazi kidogo bila plasta, uwekewe kioo, ili mwananchi aone kwa macho yake jengo limejengwa kwa nini. Mraba mdogo tu. Ameshaubomoa tayari. Anahitaji matofali arobaini.

"Si ni mabichi?" Mama Tofali aliuliza.

"Mama, tusirudi huko. Funika kombe mwanaharamu apite. Arobaini tu, na mimi nakujazia karatasi ya mashine, kwamba matofali yako yametumika kwenye jengo la umma. Karatasi haisemi mangapi."

Alimwambia amsubiri. Akazunguka rundo lake mara mbili, akasimama, akazunguka tena. Wifi akamfuata nyuma, akamnong'oneza akatae, amfukuze huyo mtu na fimbo. Hatua tatu mbele akashika mkono wake, akamwambia asikatae, mashine ikienda watakula nini, na kaka yake dawa atanunuliwa na nani. Wote wawili walikuwa wanalia, na wote wawili walijifanya ni vumbi.

Aliyajenga mwenyewe yale arobaini, kwa sababu mafundi wa mkandarasi hawakujua kuyapanga. Alipobandua vipande vya plasta pembeni aliona mekundu yamejipanga kulia na kushoto, juu na chini. Akaweka ya kwake katikati. Alifanya kazi safi kabisa. Alitaka kuyapinda na mikono ikamkatalia.

Siku ya kibao mgeni rasmi alifungua kioo, akaweka kiganja juu ya matofali, akapigwa picha. Akauliza ni nani kayafyatua. Mkandarasi akajibu, kikundi cha akina mama wa hapa hapa, mheshimiwa. Watu wakapiga makofi. Mama Tofali alikuwa nyuma ya kamba, karibu na mapipa, na mtu wa mbele yake alikuwa mrefu. Mhandisi alishika kipaza sauti akasema neno kijani mara nyingi kuliko alivyosema neno wazazi. Baadaye akatangaza kwamba, kwa mafanikio haya, mwaka unaokuja wilaya itajenga mengine kumi na moja ya namna hii.

Mashine ni yake sasa. Karatasi ina mhuri. Mashine yenyewe imekaa pembeni ya kiwanja imefunikwa gunia, na ametia grisi kwenye mkono wa chuma usishike kutu, ingawa hana cha kufyatua. Kila jengo linahitaji arobaini, kwa ajili ya kioo. Wifi alipiga hesabu kwa vidole, akasema rundo lililobaki linatosha majengo mia moja arobaini na tisa ya kijani, hivyo wapumzike tu, mpaka wajukuu wapate kazi.

Asubuhi ambayo gari la mkandarasi linategemewa, Mama Tofali anatoa arobaini, anayapanga karibu na barabara. Tanuru la nyuma ya kilima linawaka mchana kweupe, maana shule ya tatu imefika dirishani, na upepo ukigeuka majivu yanashuka mpaka kiwanjani. Ndani wamefunga dirisha kwa ajili ya mumewe, na bado anasikika anakohoa. Mkandarasi hachukui tofali lenye doa. Kioo kinaonyesha kila kitu. Kwa hiyo anapiga magoti na kitambaa kibichi mkononi, anafuta majivu, tofali moja moja, pande zote sita. Akimaliza la arobaini anageuka nyuma, na kwenye la kwanza yameshatua mengine.