Mguu Nilioukanda

Hapa Nyanga, mguu ukiteguka unaletwa kwangu. Kwa hiyo mjukuu wangu Yasmin, mtoto wa wiki tatu, aliporuhusiwa kutoka wodini na mguu wa kushoto ukaanza kuvimba, sikumuuliza mtu. Nilisema baridi imeuingia. Nikapasha samli nikaukanda siku mbili, asubuhi na jioni, na kwa kiburi changu, hata ulipogeuka zambarau nilisema ndiyo baridi inatoka.

Rahima, mke wa mwanangu, ndiye aliyemrudisha hospitali. Nilimfuata nikinung'unika.

Daktari Ishengoma alipitisha kipimo cha ultrasaundi juu ya paja. Kwenye kioo tuliona damu ikipanda, ikifika kinenani, pale alipowekewa mrija wa dripu alipokuwa wodini, inakoma.

"Damu imeganda ndani ya mshipa," alisema. "Kuna mtu ameukanda mguu huu?"

"Hapana, Dokta," Rahima alijibu upesi, bila kunitazama. Alikuwa ananisitiri mimi mama mkwe wake.

"Afadhali. Ungekandwa, kipande kingeweza kumeguka kikaenda kwenye mapafu. Ningelazimika kupima kifua sasa hivi."

Vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka samli. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini mtoto alikuwa anapumua mbele yangu, na sikujua angepumua hadi lini.

"Nimeukanda mimi," nikasema. "Siku mbili."

Dokta hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akaita wenzake, wakamchukua mtoto mbio kwenda kupimwa kifua. Rahima alikaa kando yangu, akikunja na kukunjua kanga ya mtoto. Ningependa anitukane.

Waliporudi, Dokta alisema mapafu ni salama. Nililia palepale, mbele za watu.

Mshipa ulihitaji sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, ili mwili wenyewe ulimalize lile bonge polepole. Asubuhi na jioni, miezi mitatu, na mtu wa nyumbani afundishwe kuchoma. Muuguzi alimpa Rahima bomba la sindano. Rahima akanipa mimi.

"Mama ndiye mwenye mikono," alisema.

Nilipokea. Mikono hii ilikuwa imekanda nusu ya mtaa. Muuguzi alikuwa ameshatuelekeza mara mbili, na nilikuwa nimemwelewa vizuri kabisa.

"Nionyeshe tena, mwanangu," nikamwambia.